Mfupa Umeunga, Mguu Bado: Mazoezi ya Nyumbani Baada ya Kuvunjika Mguu

Siku ya kukatwa hogo, ile plasta ngumu iliyoshikilia mfupa, wengi huja kliniki na kiatu cha pili kwenye mfuko. Wamejiandaa kurudi nyumbani wakitembea. Hogo likishatolewa, kinachoonekana ni mguu uliokonda, ngozi inayobanduka magamba, kifundo kilichokakamaa, na goti ambalo likijaribiwa kukunjwa linatetemeka tu. Mgonjwa anamtazama daktari kwa hofu, akidhani kazi imeharibika. Haijaharibika. Mfupa umeunga, lakini misuli na viungio vimekaa bila kazi kwa miezi, na havirudi kwa kusubiri.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyevunjika paja au muundi, awe amefungwa hogo au amewekewa chuma, na wa ndugu wanaomuuguza nyumbani. Ajali za bodaboda zimeleta majeraha haya karibu kila mtaa. Muundi wa mtu mzima kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 4 kuunga, na mara nyingine zaidi. Misuli ya paja haina subira hiyo. Isipotumika huanza kupoteza nguvu ndani ya wiki za mwanzo. Ndiyo maana mazoezi yanaanza siku za mwanzo kabisa, ungali umelala.

Kwanza, pata majibu matatu kutoka kwa daktari

Usiondoke wodini wala kliniki bila kujua mambo haya, na uombe yaandikwe kwenye kadi yako, maana ukifika nyumbani kila jirani atakuwa na maoni yake.

La kwanza: naruhusiwa kukanyaga kiasi gani? Jibu huwa moja kati ya haya: usikanyage kabisa, kanyaga kidogo, au kanyaga kadiri unavyovumilia. Aliyewekewa chuma ndani ya mfupa wa paja au muundi mara nyingi huruhusiwa kukanyaga mapema. Aliyevunjika hadi ndani ya goti au kifundo, au aliyefungwa bamba na skrubu, mara nyingi husubirishwa. Kwa hiyo usijipime na mwenzako mliyelala naye wodi moja.

La pili: goti na kifundo vikunjwe hadi wapi? La tatu: kuna mwendo wowote niliokatazwa, na hadi lini?

Ukiambiwa "kanyaga kidogo", uliza ni kilo ngapi. Kisha tafuta mizani ya kupimia uzito. Iweke sakafuni, pembeni yake weka ubao au kitabu kinene chenye kimo kilekile, simama na magongo, mguu mzima ukiwa juu ya ubao na mguu mgonjwa juu ya mizani. Gandamiza polepole huku mtu mwingine akisoma mshale. Kama umeambiwa kilo 20, simamia hapo, fumba macho, usikilize unyayo unavyohisi. Rudia mpaka mguu uijue 20 bila kuambiwa. Watu wengi hushangaa kuona kwamba walichokiita "kidogo" kilikuwa nusu ya uzito wao.

Ungali kitandani

Inua mguu. Kuuweka juu ya mto mmoja hakutoshi kama umekaa; lala chali, panga mito mpaka vidole vya mguu viwe juu kuliko kifua. Uvimbe ukipungua, maumivu yanapungua, na mazoezi yanawezekana.

Chezesha vidole vyote, mbele na nyuma. Kama kifundo kiko huru, kivute kuelekea usoni kisha kisukume chini kana kwamba unakanyaga pedeli, mara 20 kila saa ukiwa macho. Zoezi hili linasukuma damu ya kigimbi irudi juu, na linasaidia kupunguza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa.

Halafu zoezi ambalo, kama ningeruhusiwa kuchagua moja tu, ningechagua hili: kukaza paja. Lala au kaa mguu ukiwa umenyooka. Weka taulo dogo lililokunjwa chini ya goti. Sasa ligandamize taulo kwa nyuma ya goti, kana kwamba unataka kulizamisha godorani. Weka kiganja chako juu ya paja, karibu na pia ya goti. Utaisikia misuli ikijikusanya na kuwa migumu chini ya mkono, na pia ya goti itapanda kidogo kuelekea kwenye nyonga. Hesabu hadi 5, achia kabisa, pumzika, rudia mara 10. Usizuie pumzi, hesabu kwa sauti, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Siku za kwanza baada ya ajali au upasuaji huenda misuli isijibu kabisa. Kaza kwanza paja la mguu usioumia, kisha jaribu la mguu mgonjwa papo hapo, au kaza yote mawili pamoja. Siku moja litashtuka kidogo, na kutoka hapo litaendelea kukua.

Kama umeruhusiwa, ongeza kuinua mguu mgonjwa wote ukiwa umenyooka: kaza paja kwanza, inua kisigino kama sentimita 30 kutoka kitandani, shikilia, teremsha polepole. Goti likilegea na kukunja wakati wa kuinua, rudi kwenye kukaza tu, bado hujafika.

Dozi ndogo, mara nyingi

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na ningependa usome sehemu hii kwa utulivu kuliko nyingine zote. Mgonjwa huonana na mtaalamu wa fiziotherapia mara moja au mbili kwa wiki, kama nauli ipo. Saa zote zilizobaki yuko nyumbani. Anayefanya mazoezi Jumanne tu kliniki, tena kwa nguvu mpaka jasho litoke, hawezi kumfikia anayefanya dakika 5 nyumbani mara 5 kila siku. Kiungio kilichokakamaa kinalegezwa kwa kukumbushwa mara kwa mara.

Usitegemee hamu. Hamu ipo wiki ya kwanza, ikifika ya tatu imekwisha. Lifunge zoezi kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kuambiwa. Kwa Mwislamu, swala tano tayari zimeigawa siku vizuri: akimaliza kuswali, hata kama anaswali amekaa kwenye kiti, palepale anafanya seti yake moja kabla hajaondoka. Mwingine atafunga kwenye chai ya asubuhi, chakula cha mchana, chai ya jioni, taarifa ya habari na kuzima taa. Kifundo kinaweza kupewa kazi kila simu inapolia. Kukaza paja kunaweza kufanyika ndani ya daladala iliyokwama kwenye foleni.

Anza na kiasi ambacho hata siku mbaya utakiweza. Ukijipangia mara 50, siku ya maumivu utaacha zote; ukijipangia 5, utafanya 5, na mara nyingi ukishaanza utaendelea. Weka alama ya kalamu kwenye kalenda ukutani kila seti, na mpe mtoto wa nyumbani kazi ya kukukagua. Watoto wa darasa la tatu au la nne ni wasimamizi wakali na wanaifurahia kazi hiyo. Ukikosa siku moja, kesho endelea na kiasi chako cha kawaida. Usijaribu kulipa deni kwa kufanya mara mbili. Hapo ndipo goti linapovimba na mtu anakata tamaa.

Na kwa ndugu: mnampenda, ndiyo maana mnamletea kila kitu kitandani. Lakini mwenye ruhusa ya kusimama, aachiwe afuate kikombe chake mwenyewe kwa magongo yake. Kumfanyia kila kitu kunamchelewesha.

Magongo

Gongo la kwapani likae vidole viwili hadi vitatu chini ya kwapa unaposimama wima, na mshikio uwe mahali ambapo kiwiko kimekunja kidogo. Uzito ubebwe na viganja. Kuning'inia kwenye kwapa kunabana mishipa ya fahamu, na mtu anaweza kupata ganzi hadi mkono kulegea. Angalia mpira wa chini kila wiki. Ukilika mpaka ukawa laini, badilisha kabla ya sakafu ya bafuni haijakuonyesha kwa nini.

Ngazi zina kanuni moja: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, magongo na mguu mgonjwa hutangulia. Hata daladala ni hivyo hivyo. Panda kwa mguu mzima, shika bomba la mlangoni, kisha vuta mguu mgonjwa na magongo. Mwambie konda mapema. Kama gari limejaa, subiri jingine.

Hogo likitoka: kunyoosha kabla ya kukunja

Kila mtu anataka goti likunje. Wachache wanakumbuka kwamba lazima pia linyooke. Kosa linaloonekana sana nyumbani ni mto chini ya goti usiku kucha. Unaleta raha, na asubuhi raha hiyo inalipiwa: goti linazoea kukaa limekunja kidogo, na goti lisilonyooka litakufanya uchechemee hata kama misuli ina nguvu. Toa huo mto. Badala yake weka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, acha goti lining'inie bila kitu chini yake kwa dakika 5, huku ukikaza paja kila baada ya muda. Litavuta nyuma ya goti. Huo mvuto ndio unaotakiwa.

Kisha kukunja. Kaa kwenye mkeka au sakafu laini, vaa soksi au weka kipande cha khanga chini ya kisigino kiteleze. Burura kisigino kuelekea kwenye makalio hadi goti ligome, subiri hapo sekunde 10 ukipumua, jaribu kusogeza kidogo tena, rudisha. Mara 10. Ukiweza kukaa pembeni ya kitanda, mguu mzima unaweza kusaidia kwa kuusukuma mgonjwa nyuma taratibu. Isiwe mikono ya mtu mwingine. Usiruhusu shemeji mwenye nguvu akukunje goti kwa ghafla.

Kwa kifundo: kaa mguu ukiwa umenyooka, pitisha khanga au taulo chini ya unyayo, vuta ncha zote mbili kuelekea kwako mpaka kigimbi kivute, shikilia sekunde 30. Kifundo kisichopanda juu kinamnyima mtu kuchuchumaa, hata goti likiwa zima.

Baada ya mazoezi, kama goti limevimba na lina joto, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15. Barafu tupu juu ya ngozi inaunguza. Kukanda kwa maji ya moto kunafaa kulegeza misuli iliyokakamaa kabla ya zoezi, lakini si pale palipovimba kwa joto, wala si juu ya ngozi yenye ganzi, maana utaungua bila kujua.

Kuhusu kuchuliwa: naelewa heshima waliyonayo wakandaji mitaani, na mkono wa polepole kwenye misuli hauna ubaya mfupa ukishaunga. Lakini kukandamiza, kuvuta na kupinda mahali palipovunjika kabla hapajaunga kunaweza kuhamisha mfupa na kukurudisha mwanzo. Hapo usikubali, hata kama anayeshauri ni mkubwa wako. Mwambie kwa adabu kwamba daktari amekataza.

Maumivu: lipi la kawaida, lipi la kukimbilia hospitali

Yape maumivu alama kuanzia 0 hadi 10. Wakati wa zoezi, 3 au 4 inavumilika. Kipimo cha kweli ni kesho yake asubuhi: kama goti limerudi lilivyokuwa, dozi ilikuwa sawa. Kama limevimba zaidi na linauma kuliko jana, punguza kwa nusu siku mbili, usiache kabisa.

Haya lakini hayasubiri kesho. Ukiwa na hogo, maumivu makali yanayozidi kila saa hata baada ya dawa, vidole kuwa vya baridi, kupauka au kufa ganzi: rudi hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, hogo linaweza kuwa linabana. Kigimbi kimoja kuvimba, kuuma na kuwa cha moto kinaweza kuwa damu iliyoganda, usikichue, nenda. Ukiongezea kupumua kwa shida au kifua kuchoma ghafla, hiyo ni dharura ya maisha. Usaha au maji yenye harufu kwenye kidonda cha upasuaji, pamoja na homa, navyo vinahitaji daktari, na siyo unga wa vidonge vya antibaotiki kunyunyiziwa juu.

Diklofenaki inauzwa kila duka la dawa na watu wanaimeza kama pipi. Inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mwenye presha au kisukari. Uliza daktari kama parasetamoli inakutosha, na uimeze nusu saa kabla ya mazoezi badala ya baada yake.

Kurudisha nguvu

Ukishapewa ruhusa ya kukanyaga kikamilifu, zoezi bora lipo nyumbani tayari: kukaa na kusimama. Anza na kitanda cha juu. Miguu yote miwili sambamba, kifua mbele kidogo, simama bila kujisukuma kwa mikono ukiweza, kaa polepole ukihesabu hadi 3. Jichunguze kwenye kioo au mwombe mtu akuangalie, kwa sababu mwili ni mjanja. Utajikuta unaegemea mguu mzima na mgonjwa anasindikiza tu. Ukifanya 10 mara 3 bila shida, shuka hadi kiti cha plastiki. Baada yake stuli. Baada yake kigoda. Kila kinavyoshuka, paja linafanya kazi zaidi.

Kuinua visigino: shika nondo za dirisha, panda juu ya vidole vya miguu yote miwili, shuka taratibu. Ukiwa na nguvu, panda kwa miwili na ushuke kwa mgonjwa peke yake. Kisha ngazi ya baraza: weka mguu mgonjwa juu, panda, shuka, bila kujirusha kwa mguu wa chini.

Usawa unasahaulika kabisa. Wakati wa kupiga mswaki, simama kwa mguu mgonjwa karibu na ukuta, hesabu sekunde. Linganisha na mguu mzima. Mpaka ilingane, usitembee gizani kwenye njia ya mashimo.

Ukitaka kujua kama unasonga mbele, azima futi ya fundi cherehani. Ukiwa umekaa mguu umenyooka, pima sentimita 10 juu ya pia ya goti, weka alama ya kalamu, zungusha futi hapo. Pima na paja zima vilevile. Andika tofauti na tarehe, rudia kila baada ya wiki 2. Tofauti hiyo ikipungua hata kwa nusu sentimita, ni nyama imerudi, hata kama macho hayajaiona.

Chakula kina sehemu yake. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana protini na kalsiamu kwa pamoja, na hawana bei ya supu ya kongoro. Maharage, mayai, maziwa, kunde, mboga za majani. Kaa juani asubuhi. Sigara iache. Inachelewesha mfupa kuunga, jambo hili limethibitishwa vya kutosha, na miezi ya kuumwa ndiyo nafasi nzuri ya kuiacha kwa sababu umekaa mbali na kijiwe.

Kuchuchumaa

Nchini Marekani, daktari Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN mwaka 1999, linalotengeneza misumari ya kuunga mifupa mirefu inayoweza kuwekwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Misumari hiyo inatumika pia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Madaktari wanaoitumia wana kipimo kizuri cha kumfuatilia mgonjwa: wanampiga picha akiwa amechuchumaa na kutabasamu. Wanaangalia ameshuka kiasi gani, ameshika kitu au hakushika, na uso wake unaonyesha nini.

Napenda kipimo hicho kwa sababu kinapima maisha yetu yalivyo. Choo cha shimo, sijida, kuosha vyombo uani, kupalilia, kukaa mkekani msibani, vyote vinadai goti lishuke. Ufanyie mwili mazoezi kuelekea huko. Daktari akiridhika na eksirei, simama mbele ya mlango ulio wazi, shika vitasa vya pande zote mbili, shuka robo, panda. Wiki inayofuata nusu. Visigino vikinyanyuka, rudi kwenye zoezi la khanga la kifundo. Hadi utakapoweza kushuka na kupanda bila kushika kitu, weka stuli yenye tundu au kiti cha plastiki kilichokatwa katikati juu ya choo; gharama yake ni ndogo kuliko kuteleza.

Kwa dereva wa bodaboda, usirudi barabarani kwa sababu tu marejesho ya mkopo yamefika. Simama kwanza kwa mguu mgonjwa peke yake sekunde 30. Shuka ngazi bila kushika ukuta. Kisha, pikipiki ikiwa imezimwa, mtu mwingine akiwa ameshika upande wa pili, kaa juu yake na uiegemeze upande wa mguu uliovunjika mpaka uzito uukute. Kama mguu unaibeba na kuirudisha wima mara kadhaa bila kutetemeka, mpelekee daktari jibu hilo pamoja na eksirei ya mwisho, naye akuambie kama tarehe imefika.